Kona ya Chini Kushoto

Dada yangu Dafroza,

Kompyuta yako ipo. Nimeihamishia kwangu Malangali na kuifunika kile kitenge ulichokitenga kwa ajili ya vumbi, maana upepo wa huku haujaacha tabia yake. Sasa hivi nimekaa mbele yake. Haya nilipaswa kukuambia ulipokuwa unanisikia. Nikashindwa. Nimeona niyaseme mbele za watu, labda aibu itanizuia kujipendelea.

Wasiokujua wajue kwamba ulikuwa mpiga chapa wa shirika la umma mpaka ilipokuja miaka ya ruksa, biashara ikaachiwa huria na watu wakaanza kupunguzwa kazini. Barua yako ya kupunguzwa uliipiga mwenyewe asubuhi, pamoja na za wenzako wote, kwa sababu mpiga chapa mwingine hakuwepo. Ulirudi nyumbani ukaiweka mezani. "Soma uone," ukaniambia. "Hata nukta moja sijakosea." Kisha ukaleta hii mashine, imetumika tayari huko ilikotoka, ukakodi chumba karibu na soko. Siku ya kufungua ulisema neno moja tu: "Safari hii hakuna wa kunipunguza."

Mimi nilikuwa fundi redio wa kujifundisha. Kitu kikiingia mikononi mwangu, kwanza nakifungua, halafu ndiyo nauliza kama kimeharibika. Siku chache tu nikagundua kwamba kompyuta inakubali kupangwa upya. Rangi zinabadilika. Mshale unanenepa. Ule mstari wa chini, wenye kitufe cha kuanzia kwenye kona ya kushoto, unaweza kuupeleka juu, au pembeni, au kuuficha ujitokeze ukiuhitaji tu. Nilifurahi kama mtu aliyekuta mlango wa siri kwenye nyumba aliyopanga. Wewe hukutaka hata kusikia.

"Iache ilivyokuja, Deo."

"Aliyeipanga hivi hajawahi kufika Sumbawanga, dada. Anakujua wewe?"

"Hanijui, na hanisumbui. Mtu akienda msalani ukamhamishia kitanda, akirudi atalala wapi?"

"Atawasha taa aangalie."

Ukaendelea kuchapa. Nikajua nimeshinda.

Nilidhani ni ugonjwa wa shirika. Nchi nzima tulikuwa tunaambiwa tuchague, sabuni za aina sita, vyama, magazeti, na dada yangu amekalia kiti akisema yeye anachagua alichopewa. Nilikusema hivyo kwa marafiki, na walicheka, nami nikacheka zaidi yao.

Lakini jinsi ulivyofanya kazi nilipenda kuitazama. Vidole vilikwenda bila macho, kama mlivyofundishwa zamani mkiwa mmefunikwa mikono kwa kitambaa. Mausi uliitupa kwa mkono mmoja mpaka kona ya chini kushoto, mshale ukagota pale, maana hauna pa kwenda zaidi. Ukabonyeza. Kutoka hapo ukaenda kwa mishale ya kibodi, juu mara tatu, kulia mara moja, na ukurasa umefunguka. Na wateja walisoma wenyewe walichokuja nacho, nawe ukaandika. "Mwandiko wako siuwezi, nisomee," uliwaambia wote.

Ulimwambia hivyo hata katekista Anselmo, ambaye mwandiko wake ulifanana na kitabu.

"Mwandiko huu nilifundishwa na mapadre kwa fimbo, mama," alilalamika.

"Basi fimbo haikutosha. Nisomee."

Tulicheka wote watatu. Ni mimi tu niliyekuwa na sababu ya kujiuliza, kwa kuwa niliishi nawe na nilijua una sukari. Sikujiuliza.

Ulipolazwa wiki ile ya sukari kupanda, nikabaki na chumba. Nikasema nikufanyie jambo zuri. Mstari nikaupeleka juu na kuuficha. Vipicha vyote vya kwenye skrini nikavihamishia kulia, vimejipanga kama wanafunzi. Hakika ilipendeza. Hata leo naweza kusema ilipendeza.

Ulirudi Jumatatu. Katekista alikuwa anakungoja na orodha ya watoto wa kipaimara, askofu anakuja, orodha inatakiwa siku hiyo hiyo. Ulikaa, ukatupa mausi kwenye kona. Ukabonyeza. Ukatupa tena. Mara ya tatu mkono wako ulikuwa mzito.

"Deo, nani kagusa mashine?"

"Nimekupangia vizuri, dada. Kitufe kiko juu sasa, angalia."

Ukainua uso. Uliinua kabisa, ukavuka skrini, ukatazama kalenda iliyokuwa ukutani, ukakaa hivyo, unangoja kalenda ikuonyeshe kitu.

Katekista alivua kofia. "Tangu lini, mama?"

Ukageukia kibodi. "Nisomee jina la kwanza," ukasema.

Kurudisha mstari chini kulinichukua chini ya dakika moja. Ukaandika majina yote hamsini na kitu, na hata moja hukulikosea. Niliyahakiki mwenyewe, herufi kwa herufi, nikitafuta kosa ili nipate cha kusema.

Yaliyofuata unayajua. Katekista si mtu wa umbea. Ni mtu wa sala. Jumapili, kwenye maombi ya waamini, alisimama na ile sauti yake safi akatuomba tumwombee mama Dafroza wa chumba cha kuchapa, aliyepungukiwa na nuru ya macho. Kanisa zima likaitikia. Ulikuwa umekaa pembeni yangu, nawe ukaitikia. Kufika Jumatano, wateja walikuwa wanapita mlangoni wanakusalimia kwa huruma, "Pole, mama, pumzika," halafu wanapeleka barua zao kwingine wasikuchoshe. Hakuna aliyekuwa na ubaya. Mfanyabiashara mmoja wa dagaa kutoka Kirando alikuletea mfuko mzima, akakushika mikono, akaondoka na maombi yake ya leseni kwapani.

Ulifunga chumba kabla ulezi haujavunwa. Uliketi nyumbani mikono ikiwa mapajani, vidole vikigonga kitenge. Nilikaa karibu kusikiliza, nikashindwa kujua ulikuwa unaandika nini. Sukari ilikumaliza mvua zilipoanza. Lakini mimi najua nani alikupunguza. Safari hii barua hukuiandika wewe.

Limebaki moja, na ndilo linaloniamsha alfajiri.

Miezi kadhaa kabla hujalazwa, katika kuchezea kwangu, niligundua kwamba mashine inaweza kufanya skrini yote nyeusi na herufi nyeupe kubwa kama za bango. Nikaiweka kwa utani, nikakuita. "Njoo uone skrini ya msiba." Ulikuja, ukainama, ukasogeza kiti. Palikuwa na barua ya mtu hapo. Ukasoma mstari wake wa kwanza kwa sauti, polepole. Halafu wa pili. Sikukumbuka mara ya mwisho nilipokusikia unasoma.

"Hii si mbaya," ukasema. "Iache kidogo."

Wewe, ambaye hukuwahi kuomba chochote kibadilishwe. Nami nikacheka. "Dada, hii wameiweka kwa ajili ya vipofu. Imeandikwa hapa hapa."

Ukasogeza kiti nyuma. "Basi rudisha ilivyokuwa."

Nikarudisha, nikafurahi kwamba siku hiyo nimekutii.

Barua hii naiandika kwa herufi kubwa nyeupe kwenye weusi. Mstari uko chini, na kona yako ya kushoto iko palepale. Watoto wangu wanasema inawaumiza macho, wananiomba niirudishe ilivyokuwa. Nawaambia ngojeni. Nimeiacha kidogo.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Deo