Kanzu ya Ijumaa Kuu

Kisangani, Makiso
Jumatano kabla ya Pentekoste

Mama yangu mpendwa,

Tumsifu Yezu Kristu! Najua umejibu kwa sauti, hata kama uko peke yako jikoni na sufuria iko motoni. Habari za tangu Pasaka? Goti linaendeleaje, na yule jirani anayekukanda bado anakuja? Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Tonton, ndugu yako, anakusalimu sana. Depo yake ya maharage inatembea vizuri, ila mvua ya mwaka huu imetukasirikia. Tunasikia redioni habari mbaya za njia ya huko Butembo, lakini dereva wa lori anasema atapita, naye si mtu wa maneno mengi, ndiyo maana nimempa yeye barua hii. Kwenye simu laini ingekatika, na mimi pia ningekatika.

Bon. Mama, keti kwanza. Umeketi? Hélène amekubali! Amekubali, Mama, jana jioni, mama yake akisikia na watu wa shirika letu la sala wakisikia, na tangu hapo sijui kama natembea au naruka. Leo asubuhi nimemfungia mteja mchele badala ya maharage, Tonton akaninusa mdomo kuona kama nimekunywa. Sijanywa kitu. Nina furaha tu, furaha ya kutaka kusimama katikati ya barabara nisimamishe pikipiki zote niwaambie watu.

Kabla sijaendelea, maagizo machache. Pamoja na barua hii utapokea mfuko, na ndani imo ile kanzu nyeupe uliyonishonea. Usiufungue mpaka nitakapokuambia. Na ukiufungua, tafadhali kamba usiikate, ifungue kwa vidole. Halafu barua uisome mwenyewe. Usiwape Wamama Wakatoliki waisome kwa sauti kama mlivyofanya na ile ya Noeli, nakuomba sana.

Sasa utauliza ni binti wa nani. Ni wa Isangi, huko chini ya mto. Mama yake, Mama Philomène, anauza samaki wa kukaushwa hapa sokoni, na Hélène anamsaidia. Najua ulitaka Munande, binti wa kabila letu. Mama, hata mimi nilitaka Munande, mpaka nilipomwona huyu! Anasema Lingala kuliko Kiswahili, na Kiswahili changu cha milimani kinamchekesha mpaka anashika mbavu. Akitwanga lituma, ile ndizi ya kupondwa ya watu wa huku, mtaa mzima unajua kwamba Hélène yuko nyumbani. Haogopi mtu. Padri akikosea wimbo anamwambia.

Tulijuana wakati wa Kwaresima, kwenye mazoezi ya Njia ya Msalaba. Unakumbuka nilivyokupigia simu nikipiga kelele kwamba nimechaguliwa kuwa Yezu. Nilikuficha jambo moja: Padri alisema wazi kwamba alinichagua kwa sababu ya ndevu na mbavu zangu. Utakatifu hakuutaja. Hélène alipewa kuwa Veronika, yule mwanamke anayempangusa Yezu uso. Na Osée, kijana wa Lubero ninayelala naye chumba kimoja nyuma ya depo, akapewa kuwa askari, kwa sababu ya mabega. Walimtengenezea kofia ya bati na mjeledi wa vitambaa. Msalaba ulichongwa na fundi wa Wagenia kwa miti ile ile wanayosimamishia mitego ya samaki kwenye maporomoko, na miti hiyo, Mama, ni mizito mno! Siku ya kwanza niliuinua kidogo tu, ukanirudisha chini.

Nikapenda kuwa Yezu. Nakuambia ukweli, nilipenda kupita kiasi. Nilianza kutembea polepole hata sokoni. Nikiulizwa bei ya maharage nilikuwa natazama juu kidogo kabla ya kujibu. Waendesha toleka, zile baiskeli za kubeba abiria, walikuwa wananiita, “Yezu, panda!”, wananibeba bure, nami napanda huku nimewainulia mkono kama mtu anayebariki. Osée alikuwa ananitania deponi, ananiambia Bwana, mizigo yetu umeichukua, basi chukua na gunia hili. Kila mtu alicheka isipokuwa mimi. Nilisali sana siku zile, lakini nilisali mbele ya kioo.

Na Hélène kila zoezi alikuwa ananipangusa uso. Mara ya kwanza alinipangusa kama mtu anayefuta meza. Lakini kadiri Ijumaa Kuu ilivyokaribia mkono ule ukawa mwepesi, mimi nikasema basi, huyu ni wangu. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijiambia mwenyewe nikajiamini.

Ya Ijumaa Kuu yenyewe uliyasikia kwenye simu, lakini ngoja niyarudie. Jua lilikuwa kali, watu wamejaa barabara kutoka kanisani mpaka karibu na mto. Tulifika kituo cha tisa, pale Yezu anapoanguka mara ya tatu. Nikaanguka. Osée akainama kuniinua kama tulivyozoea, na mimi, Yezu, na kanzu yangu na taji langu la miiba, nikamtupia ngumi ya pua. Eeh Mama! Kofia ya bati ilibingirika mpaka mtaroni. Wengine walidhani ni sehemu ya mchezo, wakapiga makofi. Bibi mmoja alianza kulia kwa sauti. Papa Abdulhamid, yule Mwislamu mwenye duka la vitambaa, alikuwa amesimama mlangoni pake kwa heshima kama kila mwaka. Akaleta maji, akamwinua Osée, kisha akaniuliza kwa upole kabisa, “Mwanangu, Nabii Isa wa kwenu iko napiga askari?” Na Hélène akatoka nyuma yangu na kile kitambaa cha Veronika, akanipita, akampangusa Osée.

Padri aliponiuliza kwa nini, nilisema Osée amenitukana sikioni nikiwa chini. Nilisema kwamba alikutukana wewe, Mama. Watu wote wakanielewa palepale, maana nani hapandwi na hasira mama yake akitukanwa? Osée alipoulizwa, alitazama chini, hakujibu. Nikakupigia simu, nikakueleza hivyo hivyo, nikakuambia kwamba kanzu imejaa damu. Wewe ukalia. Ukasema nisiifue kamwe, niitunze, utawaonyesha wenzako damu ya mwanao aliyeteswa Ijumaa Kuu. Nikasema ndiyo, Mama.

Baada ya Pasaka, shirika letu, lile linalosali kila Jumanne uani kwa Mama Philomène, likamtaka Osée aombe msamaha. Akasimama mbele ya watu akasema kama amemkosea ndugu yake, anaomba asamehewe. Hakuongeza neno. Na mimi nikamsamehe! Nilimsamehe huku nimeinamisha kichwa upande, kama kwenye picha. Mama, nikikumbuka kile kichwa nilichoinamisha, natamani ardhi ipasuke.

Basi, nikaona mambo yamekwisha, nikaenda kwa Hélène kumweleza moyo wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, nikajua ni mambo makubwa. Kisha akasema, “Naino te.” Ni Lingala, maana yake bado. Kuna kitu anangoja kutoka kwangu, na nikikileta atanijibu. Nikauliza ni kitu gani. Akasema ninakijua.

Donc nikaanza kukitafuta. Nilidhani ni pete, nikaleta pete. Naino te. Nilidhani anaogopa nitampeleka milimani kwenye baridi, nikamwapia kwamba tutakaa Kisangani. Naino te. Nilidhani ni Mama Philomène, nikambebea vikapu vyake vya samaki kutoka bandarini mpaka nikanuka kuliko samaki wenyewe. Mama Philomène akanibariki, binti yake akasema naino te. Nikasali novena. Nikaungama kwa Padri ile hasira na ile ngumi, akanipa kitubio, nikakifanya kwa magoti. Usiku silali, mchana sili, na Osée ndiye aliyekuwa ananiwekea chakula na kukifunika kwa sahani.

Wiki iliyopita nikawa natoka bandarini juu ya toleka, mvua inanyesha. Mbele yetu nikamwona Osée anatembea kwa miguu na mzigo wa Tonton kichwani. Nikashangaa kwa nini hakupanda. Mwendesha toleka akaniambia kwamba yule hawampandishi. Mtu aliyemtukana mama ya Yezu, kila mwenye baiskeli anampita. Akasema hivyo kwa fahari, kama zawadi kwangu, akakanyaga kwa nguvu, akapita kwenye dimbwi makusudi. Maji machafu yakamlowesha Osée toka juu mpaka chini. Osée akageuka, akaniona, akanipungia mkono.

Nikashuka, Mama. Nikashika upande mmoja wa mzigo, tukatembea mpaka deponi. Na hapo nikawa nimekijua kile kitu.

Mama, hapa ndipo nashika kalamu kwa mikono miwili. Osée hakukutukana. Hajawahi kukutukana, wala kunitukana mimi. Aliponiinamia pale kituo cha tisa, maneno aliyoniambia sikioni ni haya: “Vumilia ndugu yangu, imebaki kidogo. Niegemee.” Hayo tu. Aliona miguu yangu inatetemeka, akaona msalaba utaniponda kweli. Nami nikampiga, kwa sababu kwenye kituo cha nane nilimwona Hélène akimpa maji. Kofia ya bati ilikuwa inampika kichwa, mtu yeyote angempa maji. Lakini nilikuwa nimeshajifanya mwenye mkono ule wa Hélène, nina kiu, na kila jicho la Kisangani likinitazama, nikaona wivu mweusi. Kisha nikasema uongo, nikakuingiza wewe katika uongo wangu, kwa sababu nilijua jina lako litanifunika. Kwa Padri niliungama ngumi. Uongo niliuacha mfukoni.

Jana Jumanne ilikuwa zamu yangu kufafanua Injili. Nikasimama uani kwa Mama Philomène, nikasema yote niliyokuandikia hapa. Hakuna aliyepiga makofi. Mzee mmoja alitoka nje kabisa. Nikapiga magoti mbele ya Osée, akaninyanyua kwa kwapa, kama alivyotaka kuninyanyua siku ile. Nikamuuliza mbele ya wote kwa nini alinyamaza. Akaona haya, akasema watoto wadogo walikuwa wanatazama, akaona ni vibaya wabaki na Yezu anayepiga watu bure. Askari yeye huchukiwa tu, akasema, ndiyo kazi yake.

Mama, nilivaa kanzu Kwaresima nzima, nikajua kila neno la kila kituo. Kumbe aliyekuwa anajifunza ni yule mwenye mjeledi! Mapenzi nayo niliyaelewa kinyume. Nilidhani kupendwa ni kupanguswa uso.

Na palepale uani, sauti ikatoka upande wa masufuria. “Sikoyo,” Hélène akasema. Maana yake sasa. Ijumaa Kuu yeye alikuwa hatua moja tu nyuma yetu na kile kitambaa chake, alisikia kila neno la Osée. Aliniambia baadaye kwamba mume mwenye hasira mtu anaweza kuishi naye, lakini mume anayemwachia mwenzake mzigo wa kosa lake, siku moja atamtwisha hata mke wake. Alikuwa anangoja aone mimi ni yupi. Halafu akacheka, akasema nilichelewa sana mpaka alianza kuchoka, na mama yake alikuwa amezoea kubebewa vikapu!

Kwa hiyo nisamehe, Mama. Najua umeshamsema Osée kwa wenzako wote. Nenda ukawaambie, hata kama ni aibu, waambie ni aibu yangu. Osée hana mama, wake alifariki Lubero akiwa bado mdogo. Na mkija kwa mambo ya mahari, Tonton amekubali kwamba Osée ndiye atakayesimama karibu nami.

Sasa fungua mfuko. Kanzu sijaifua, kama ulivyoagiza. Lakini hiyo damu si yangu, ni ya Osée. Ifue, Mama, kwa maji baridi na sabuni nyingi. Kisha fumua mabega, uyapanue. Nimemwomba Padri mwenyewe, naye amekubali: mwaka ujao Osée atakuwa Yezu, na mimi nitavaa ile kofia ya bati. Kamba niliyofungia mfuko ndiyo kipimo cha mabega yake, ndiyo maana nilikuomba usiikate.

Nisalimie jirani, nisalimie Wamama Wakatoliki wote, hata wale watakaonicheka. Hélène anakusalimu na ameweka samaki chini ya kanzu, usishangae harufu. Wasingya, asante sana, Mama. Bikira Maria akulinde wewe na goti lako.

Mimi mwanao anayekupenda,
Katembo