Dawa ya Sahani

Kaka Elifuraha,

Shikamoo. Nakuamkia kwa kuwa umenitangulia kuzaliwa. Leo sina sababu nyingine. Natumaini shemeji na watoto hawajambo huko Ngaramtoni. Mimi mwili ni mzima, baridi ya Ujerumani nimeizoea, ila tangu nipate barua za dada Naomi kutoka Kikwe chakula hakipiti. Nasikia kinyaa, kaka. Nakuonea kinyaa wewe.

Naomi anasema umeibandika barua yangu ukutani kwenye duka lako la dawa. Haya, siku hizi kila kitu ruksa, anayetaka duka la dawa anafungua. Lakini unawaambia watu mdogo wako wa Ulaya kagundua dawa ya saratani, halafu unamimina kitu chekundu kwenye sahani ya bati, mgonjwa anailamba! Eti kwa sababu niliandika kwamba dawa yetu "inafanya kazi kwenye sahani."

Ptuu! Sahani gani, Elifuraha? Visahani vyetu vya maabara ni vya plastiki, havizidi kifuniko cha chupa ya chai. Humo tunafuga chembe hai zilizotolewa kwenye uvimbe wa watoto wagonjwa. Kazi yangu ni kuzilisha na kuziangalia. Chembe ya mwili ikiharibika hujiua yenyewe, ndivyo tulivyoumbwa. Hizi zimekataa kufa, na dawa kali za hospitali hazizitishi tena. Sisi tunatafuta kitu cha kuzilazimisha zijiue. Siku chembe hizo zikijiua tunashangilia, kisha tunazimwaga. Hakuna mtoto aliyewahi kuonja kitu hicho. Hata panya bado! Niliposema kwenye sahani nilimaanisha hapo tu, si kwingine.

Kosa la neno ningekusamehe, pengine ningecheka. Lakini Neema? Mtoto wa dada yako, miaka mitano, tumbo limevimba upande mmoja kwa saratani hiyo hiyo. Daktari kasema dawa ya kwanza imeshindwa, arudi aanzishiwe nyingine. Wewe unamwambia mama yake, "Hospitali ya nini, Naomi? Hii katengeneza mdogo wako kwa mkono wake. Utamkataa ndugu yako?" Umemfunga kwa jina langu. Siku ya kurudi hospitali imepita, mtoto yuko nyumbani analamba sukari yenye rangi. Huna hata haya!

Sasa nisikilize. Bandua barua hiyo. Nenda Kikwe ukamwambie Naomi kwa mdomo wako kwamba umemdanganya. Mimi nimemwandikia mara mbili, akanijibu kwamba najishusha tu, ndiyo tabia yangu. Kisha mbebe Neema wewe mwenyewe mpaka wodini. Sisemi atapona. Hiyo dawa ya pili nayo inaweza kushindwa, lakini angalau ni dawa.

Msalimie mama, na shemeji, na watoto wote. Msalimie na baba mdogo, mzee wetu wa kanisa, ambaye nasikia naye kalamba kwa ajili ya mgongo. Mungu wangu.

Mwisho wa barua yake Naomi ameandika maneno ambayo Neema alimtuma: "Mwambie mama mdogo ahsante. Dawa yake ni tamu, sijaitapika hata siku moja."

Nilisoma nikiwa kazini, ikabidi nitoke nje.

Ni mimi, ambaye bado ni mdogo wako,
Aneth