Nafasi Yako, Doto

Lisekese, Masasi

Pacha wangu Doto,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, shemeji Sadallah na watoto, na kwamba mgongo haukusumbui tena unapopalilia mikorosho. Sisi huku tu wazima. Mama ndiye anayelalamika kwamba tangu urudi Mnyambe hana wa kumkanda miguu. Nilijaribu mimi, akasema mikono yangu ina haraka.

Ningeweza kupiga simu, lakini ungeuliza mbona sauti yangu iko hivyo, nami ningesingizia mafua.

Darasa la yoga linaendelea kila Jumamosi. Mwalimu wetu Bi Oliva bado anasisitiza kwamba alichojifunza India alipokuwa akisomea uuguzi si kukunja viungo tu. Unakumbuka zile njia nne: kutenda kazi bila kutaka sifa, kumpenda Mungu kwa moyo wote, kutafuta kujijua, na kutuliza akili kwa pumzi na ukimya. Tena kila mtu na sala yake, hakuna anayebadilishwa dini. Wewe uliyashika hayo. Mimi nilikuwa nikiangalia nani amegusa vidole vya miguu kwanza.

Doto, mimi ndiye niliyekupeleka pale ulipokuja kukaa nasi, kwa kuuonea huruma mgongo wako. Kufikia mwezi wako wa pili darasani ulikuwa unakaa kimya nusu saa bila hata kukuna pua, huku mimi nimefumbua jicho moja nakutazama. Ulifagia ukumbi kabla hatujafika, na Bi Oliva akasema mbele ya wote kwamba umeshaingia njia ya kwanza bila kuambiwa. Wenzetu wakapiga makofi. Nami nilipiga, mpaka viganja vikaniuma. Baadaye wakaanza kuniita pacha wa Doto. Mimi, Kurwa, niliyetangulia!

Ulipoondoka, Bi Oliva aliniita. Alisema kuna mafunzo ya walimu Mtwara, nafasi moja, na amekuchagua wewe. Simu yako haikupatikana, akaniomba nikufikishie ujumbe. Nilikaa nao siku nne. Siku ya tano nilimwambia kwamba shemeji amekataa. Alisikitika, akanipeleka mimi.

Hukuulizwa, ndugu yangu. Na mumeo hakukataa kitu. Nilimsingizia.

Jumamosi iliyopita nilisimama kufundisha kwa mara ya kwanza. Somo lilikuwa miiko ya mwanzo: kutodhuru, kusema kweli, kutoiba. Faidha, yule muuza vitumbua, akauliza, "Mwalimu, na ukichukua kitu ambacho mwenyewe hajui kwamba ni chake, huo nao ni wizi?" Niliwaambia wafumbe macho wavute pumzi, nikatoka nje nikalia.

Nilimweleza Bi Oliva yote. Alisema hawezi kunisamehe yeye, kwa sababu aliyeibiwa si yeye. Mafunzo mengine yanaanza mwezi wa saba. Alifungua daftari palepale akaandika jina lako, nawe utaamua. Mimi nimeacha kufundisha.

Nisikufiche: nilipoona kalamu yake inaandika Doto, wivu ulinipanda tena, na machozi yalikuwa hayajakauka. Bado ninao hata sasa ninapoandika. Lakini ujumbe huu nimeuleta.

Msomee shemeji barua hii, umwombe radhi kwa niaba yangu. Wabusu watoto. Ukinijibu kwa hasira, nitaisoma barua yako yote.

Nduguyo,
Kurwa