Samaki wa Kwenye Chupa

Jumatatu, 3 Februari

Nimemeza tena. Elia yuko bafuni anaimba, mimi nafungua mkoba wa vipodozi, natoa kidonge, maji, basi. Kidonge laini, rangi ya asali, kinateleza kama kina haraka kuliko mimi. Mafuta ya samaki. Wiki ya tatu sasa. Mume wangu hajui, na ni mume mzuri, ndiyo maana inaniudhi zaidi.

Kwenye basi la ofisi mbweu zimeanza. Kila mbweu ni mwalo wa Musoma, dagaa wameanikwa juani. Nimenyonya pipi za minti mpaka ofisini Mtumba. Bosi kanipa barua nichape, nimechapa huku nimefunga mdomo kama mtoto aliyekatazwa kusema.

Muuza dawa alisema vinasaidia mtoto asiwahi kutoka. Simu inasema ndiyo, ukurasa unaofuata unasema haijulikani vizuri. Nimeamua kuusadiki ukurasa wa kwanza.

Mwezi wa sita unaisha. Kuzaa sikuogopi. Naogopa mwezi wa saba.

Jumamosi, 8 Februari

Mama mkwe amefika kutoka Haneti. Atakaa mpaka nijifungue. Kaja na unga wa uwele, mlenda mkavu, na kikopo chake cha ugoro ambacho kifuniko hakishiki, amekifunga kwa mpira uliokatwa kwenye tairi la baiskeli. Hata hivyo ugoro umemwagikia nguo zote. Nimempa shikamoo, akanishika tumbo kwanza ndipo akaitika marahaba.

Nampenda. Niandike hilo kabla sijaandika mengine.

Ukoo wao hawali samaki. Ndiyo muzilo wao, mwiko ambao mtoto anaurithi kwa baba. Kila ukoo wa Kigogo una wake. Mimi ni Mjita, nimekua kwa sato na dagaa, na niliyempenda kati ya wanaume wote wa Tanzania ni huyu. Hakuna aliyenikataza kitu nilipoolewa. Mama mkwe alisema: ukiwa kwenu kula, unawe mikono. Lakini ukiwa na mimba, aliyemo tumboni ni wetu, na anakula unachokula wewe. Nimelitafutia jibu jambo hilo miaka yote. Sijalipata.

Mimba ya kwanza nilitii. Mara moja tu sikutii, harusi ya kaka yangu Musoma, nikala sato wa kukaanga. Mtoto akaja mwezi wa saba. Wa kiume. Akaishi jioni moja. Tulimzika Haneti, karibu na babu yake.

Mama mkwe anamhesabu yule samaki niliyekula. Mimi nawahesabu wote niliowaacha. Hajawahi kuniambia, lakini najua. Tunazunguka jambo hilo kama mbuzi aliyefungwa kamba, kila siku majani yale yale.

Ijumaa, 14 Februari

Zuhura, ninayekaa naye chumba kimoja ofisini, kaniletea chupa nyingine. Haya ni mafuta ya ini la samaki, ya kunywa kwa kijiko. Anawanywesha watoto wake kila asubuhi, anasema ndiyo maana wana akili. Wa mwisho hajaanza hata kutembea, sijui akili yake kaipimia wapi.

"Vile vidonge ni vya kwako mama," akasema. "Haya ni ya ubongo wa mtoto. Changanya."

Nimechanganya. Mfa maji haachi kutapatapa. Kijiko asubuhi, kidonge asubuhi, kidonge kingine jioni ambacho hakuna aliyeniambia ninywe.

Chupa zote mbili nimezificha nyuma ya masufuria makubwa ya sherehe, yale ambayo hayashuki ila kuna msiba au harusi.

Alhamisi, 20 Februari

Mama mkwe ananusa. Jana kasema kuna panya amekufa jikoni. Elia kavuta kabati, katoa masufuria, mimi nimesimama mbele ya kona yangu namulika na tochi pale pasipo na kitu. Hawakuona. Mama mkwe kamwaga majivu kando ya ukuta kwa ajili ya panya.

Nilitaka kucheka, nikaona aibu. Halafu nikacheka peke yangu chooni.

Silali vizuri. Nageuka kushoto, nageuka kulia, nashika tumbo. Akicheza naogopa anacheza sana. Akitulia naogopa ametulia.

Jumapili, 2 Machi

Yamefichuka. Hata sikukamatwa, nimejikamata.

Tumetoka kanisani, tumekaa mezani, ugali wa uwele na mlenda. Mama mkwe anaombea chakula, na maombi yake ni marefu, anawataja ndugu wote mmoja mmoja. Amefika kwa aliyemo tumboni. Mbweu ikatoka. Nilijaribu kuimeza, haikukubali. Harufu ikatanda juu ya meza nzima.

Kafungua macho kabla ya amina.

"Umekula samaki?"

"Si samaki, mama. Ni dawa."

Nikaenda kuileta chupa ya vidonge. Kuna picha ya samaki anaruka, mkubwa, hata mtu asiyejua kusoma haimpiti. Kaitazama bila kuigusa. Karudisha tonge kwenye sahani, akanawa, akaingia chumbani kwake. Mlango hakuubamiza. Afadhali angeubamiza.

Elia kauliza tangu lini. Nikamwambia.

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkwe kaondoka alfajiri na basi la Haneti. Elia kamsindikiza stendi. Kanga zake kazichukua, unga kauacha. Hakuniaga.

Nimegombana na Elia. Anasema yeye muzilo haamini sana. Nikamwuliza mbona hajawahi kuonja samaki maisha yake yote. Akasema hajazoea. Nikamwambia hajazoea miaka thelathini na sita, basi huo ndio muzilo. Akasema, "Ungeniambia tu. Ningekununulia mimi."

Nimekasirika kwa sababu kasema kweli.

Jumanne, 4 Machi

Leo ndiyo nimesoma maandishi madogo kwenye chupa ya Zuhura. Ilibidi niyapige picha niyakuze. Ina vitamini A nyingi. Wajawazito wamwulize daktari kwanza. Nikatafuta kwenye simu. Ini lina vitamini A kupita kiasi, ikizidi inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Vidonge vyangu havitoki kwenye ini, ni mafuta ya mwili wa samaki. Ni vitu viwili tofauti. Nilidhani mafuta ya samaki ni mafuta ya samaki.

Nimewahi mimi mwenyewe kumfokea muuza nyanya kwa kunichanganyia mbovu na nzima. Na mtoto wangu nimemchanganyia bila kuuliza.

Nikamwonyesha Zuhura. "Mbona wanangu wazima?" akasema.

"Wanao hawako tumboni."

Nimesema kwa sauti, chumba cha pili wamesikia. Zuhura kalia. Mimi sikulia. Mpaka mchana sikujuta.

Jumatano, 5 Machi

Tumbo limekaza tangu asubuhi. Linakuwa gumu kama mtungi, linaachia, linakaza. Najua hali hii. Ilianza hivi hivi.

Elia kanipeleka hospitali. Nilikuwa nashikilia mkanda wa gari na kusema bado, bado, bado, simwambii Elia, namwambia mtoto.

Daktari ni mwanamke mfupi, hana muda wa maneno mengi. Kanipima, kasikiliza moyo wa mtoto, kanifanya nami niusikie. Unakimbia. Nikatoa chupa zote mbili kwenye mkoba nikazipanga kitandani kama mshitakiwa na vidhibiti.

Hii ya ini, kasema, acha leo. Uliyokunywa ni ya wiki chache na mimba ni kubwa, haoni sababu ya kuhofu, ila usirudie. Hivi vidonge, ukitaka endelea, kimoja, si viwili. Wapo waliochunguza wakaona vinapunguza kidogo watoto kuwahi, hasa kwa mama asiyekula samaki. Kidogo. Si kinga. Na ubongo? Hapo hakuna la kuonyesha, kasema, wanaouza ndio wanaolijua. Vidonge vyekundu vya damu unavyopewa kliniki unakunywa? Nikasema nakunywa. Hivyo usivisahau kwa ajili ya hivi.

Nikamwuliza lile. Yule wa kwanza. Angepona kama ningekula samaki? Au kama nisingemla yule mmoja?

Akavua miwani. "Hilo hakuna atakayekujibu, mama. Hata mimi."

Nilitaka kumpiga. Ndipo nikalia, kilio cha miaka miwili, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili kaniletea kitambaa chake. Tumbo likaachia jioni. Wameniambia nilale hapa. Elia yuko kwenye kiti cha plastiki, magoti yake yananigusa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeruhusiwa. Tumefika nyumbani, mama mkwe amekaa kizingitini anachambua mlenda. Kana kwamba hajaenda popote. Nikasema shikamoo. Akasema marahaba, njoo ukae.

Akachambua kwanza. Kisha kaeleza. Alikwenda makaburini. Kapalilia la baba mkwe, na dogo pembeni yake pia, lilikuwa limejaa magugu kwa mvua hizi. Kachanganya unga wa uwele na maji, kamimina, kaongea nao. Kawaambia mama wa mtoto ni mtu wa ziwani, hakula kwa uchu, anakunywa dawa. Dawa si chakula, haimshibishi mtu. Kawaomba wasimhesabie mtoto. Baada ya hapo akaenda kanisani kwenye maombi ya katikati ya wiki kama kawaida, na mchungaji hakumwambia, kasema mchungaji ana mambo mengi.

Nikamwuliza kwa nini hakuniaga.

"Ningekuaga ningelia. Na ningelia ungejua nilikuwa nimekulaumu."

Miaka miwili alibaki na yule sato wa harusini moyoni, kasema. Nami nikamtajia samaki wangu, wote niliowaacha kwa ajili ya ukoo wake, na jinsi nilivyokuwa nikimtazama anakula nikisema moyoni, ni wewe. Nilisema hivyo hivyo, sikupamba. Akaendelea kuchambua. Majani mazuri yakaangukia kwenye mabaya.

"Basi sote tulikuwa tunatafuta wa kumbebesha," akasema.

Kauliza daktari karuhusu ipi na kakataza ipi. Ile ya ini kasema nikaimwage. Kanisimamia mpaka tone la mwisho likaingia chooni.

Jumanne, 18 Machi

Sasa vidonge ananiletea yeye. Kila asubuhi, chupa imeshikwa kwa pindo la kanga ili mkono usiguse, uso kaugeuzia ukutani. Nikimeza nasema tayari, ndipo anageuka. Nikipiga mbweu anasema pole, anafungua dirisha.

Mwezi wa saba bado unatembea. Sijatulia, nisijidanganye. Natembea uani kama kuku anayetafuta pa kutaga. Ila sasa naangaliwa na watu wawili.

Ijumaa, 11 Aprili

Mwezi wa saba umepita. Sikusherehekea, niliogopa kuusemesha.

Nimemwomba Zuhura radhi. Kaniambia alisharudi nyumbani siku ile ile akasoma chupa yake, akakuta alikuwa akiwapa watoto vijiko viwili badala ya kimoja. Tumecheka, lakini si sana. Kwenye kundi la akina mama nililomo kwenye simu wanasema mtoto apewe matone ya mafuta tangu siku ya kwanza. Nimejitoa kwenye kundi.

Alhamisi, 15 Mei

Msichana. Kwa wakati wake. Mzito, ana hasira, ananyonya kama anadai.

Elia amesimama dirishani, ametupa mgongo, mabega yanacheza. Mama mkwe kapiga kigelegele kimoja, nesi kamwambia taratibu bibi, akapiga cha pili.

Sina la kuandika zaidi. Nataka kumtazama.

Jumamosi, 14 Juni

Kuna baridi asubuhi hizi. Kliniki nesi kasema maziwa yangu yanatosha, asipewe maji, asipewe matone ya nani wala ya nini. Nikasema sawa.

Mama mkwe anaondoka kesho, uwele unamsubiri shambani. Mtoto akikua atafuata muzilo wa baba yake, hilo nimelikubali bila kuombwa. Mimi nikienda Musoma nitakula sato, nitanawa mikono.

Sitajua kama ni vidonge. Mama naye hatajua kama ni makaburi. Tumeliacha hapo.

Leo mchana kaiona chupa iko tupu juu ya meza. Kaizunguka kidogo. Kauliza kama naihitaji. Nikasema hapana. Akaishika, kwa mkono mtupu, akafungua kifuniko, akafunga, akafungua. Kinashika vizuri, akasema.

Akaketi kizingitini. Akambandua yule samaki kwa ukucha, polepole, kuanzia mkiani. Akaosha kwa majivu, akaanika juani, akanusa. Akakunja uso, akaosha tena.

"Harufu haijatoka yote."

"Itatoka, mama."

Akamimina ugoro wake, akafunga, akaigeuza juu chini. Haukumwagika. Akaiweka kwenye mkoba wake wa safari, akanyoosha mikono nimpe mtoto.