Chupa Mbili Zilizooshwa

Shinyanga,
12 Novemba 1978

Dada yangu mpendwa Mwamvua,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta magoti yamepoa, na kwamba hapo Pangani mvua za vuli zimeanza kwa upole. Idi ya kuchinja imepita juzi. Nilialikwa nyumba mbili hapa mjini, nikaenda, nikaketi kwa adabu, lakini nyama sikuigusa. Mwili wangu ni mzima. Huko mnaniita Msukuma, na Wasukuma, baada ya miaka thelathini, bado wananiita Mswahili wa pwani. Nimekwisha kuzoea kukaa katikati.

Kabla hujasoma mbele, jua kwamba Chiku yu hai. Naandika hivyo mapema ili usiruke mistari kumtafuta mwanao. Amelazwa hospitali ya hapa mjini siku ya nne, kwa kipindupindu. Dripu ilitolewa jana, na asubuhi hii alikunywa uji nusu kikombe akalalamika hauna sukari. Muuguzi alicheka, akasema mgonjwa anayechagua uji ameanza kupona. Mimi sikuweza kucheka naye.

Sasa ni saa mbili na nusu asubuhi. Niko ofisini, Jumapili, peke yangu, nasubiri saa nne. Umewahi kuniuliza kazi yangu hasa ni nini tangu mgodi wa Geita ulipofungwa nikahamia huku kwenye maji. Nachota maji ya kisima kwenye chupa iliyochemshwa, nayapitisha kwenye kichujio, karatasi nyeupe nyembamba yenye miraba midogo, huku nikifyonza kwa pampu ya mkono. Maji hupita, vijidudu hubaki juu. Karatasi hiyo nailaza katika kisahani chenye mchuzi mwekundu, naiweka kwenye kabati la joto saa kumi na nane. Palipokuwa na kijidudu kimoja cha kinyesi, kisichoonekana kwa macho, huota doa la manjano. Nahesabu madoa. Ni hayo tu, na watu hunywa au hawanywi kwa hesabu yangu.

Mwezi wa Juni nilikwenda Mwanholo, kijiji anakofundisha Chiku, kupima kisima kipya cha pampu. Gari lilipasuka gurudumu, ikabidi nilale kwa mwenyekiti wa kijiji, Maduhu. Mkewe, Nyamizi, alinichinjia kuku. Nilikuwa na chupa mbili zilizochemshwa tayari, vifuniko vimefungwa karatasi na uzi. Niliziacha mezani.

Asubuhi nilizikuta zimepinduliwa kwenye kichanja cha vyombo, zinang'aa. Nyamizi alinisalimu mwangaluka kwa furaha, akaniambia kwamba vyombo vya mgeni havilali na vumbi nyumbani kwake, na kwamba karatasi zile chafu amezitia motoni. Mama mkwe wake alikuwa pembeni, akasifu kwamba mkamwana wake anajua kupokea watu. Maji aliyooshea yalikuwa ya lambo, bwawa wanamonyweshea ng'ombe.

Nilipaswa kusema. Nilipaswa kuzichemsha upya, au kurudi siku nyingine. Lakini dereva wangu, Thobias, alikuwa akipiga honi, na ningemwaibisha yule mama mbele ya mkwewe. Nilizisuuza kwa maji ya kisima mara tatu, nikajaza, nikaziweka kwenye sanduku la barafu. Kesho yake nilihesabu madoa thelathini na manane. Nikaandika thelathini na manane, na neno jingine sikuandika. Kanuni inasema ukiwa na shaka, rudia. Kurudia kungenilazimu kueleza kwa nini, mimi ambaye hesabu zangu hakuna aliyewahi kuzihoji.

Amri ya kukifunga kisima ikatoka, nikaenda na Thobias kung'oa mpini wa pampu. Chiku alinisaidia kuwaeleza watu. Alisema mjomba wake hakosei. Aliwakataza wanafunzi hata kukaribia kile kisima, wakarudi lamboni. Kuni huko ni za kutafuta nusu siku. Nani angechemsha kila ndoo?

Mvua za kwanza zilipoosha mazizi na kuingiza maji lamboni, ugonjwa ukaanza. Wamelazwa kumi na mmoja. Mama yake Maduhu, yule bibi aliyemsifu mkamwana wake, alizikwa Jumatatu iliyopita.

Jana niliomba lifti mpaka Mwanholo kwenye lori la pamba, kwa kuwa magari yetu yamekwenda vitani, nikiwa na mpini mgongoni na chupa nilizochemsha mwenyewe. Nilipoufunga mpini kwa muda nikawa nachota, mzee mmoja, Bujiku, aliniita mbele ya watu, “Wewe mzee wa chupa! Kisima umekifunga, na kiu yetu utaifunga lini?” Watu wakacheka kidogo, kicheko cha msibani. Nyamizi alikuja na kanga ya matanga. Akaniuliza, kwa heshima ile ile, kama nina chupa za kuoshwa.

Dada, sasa ni saa nne na robo. Nimefungua kabati. Karatasi ni nyeupe kama nilivyoilaza, hakuna doa hata moja. Kisima kilikuwa salama tangu Juni.

Na ungamo langu si hilo tu. Tangu jana jioni nimekuwa nikiomba madoa yaote. Nilitamani maji ya watu wale yawe machafu, ili mimi niwe sikukosea. Mtu aliyeomba hivyo ndiye uliyemkabidhi mwanao.

Chiku nilimweleza asubuhi hii nilipompelekea uji, kwamba huenda hesabu ya Juni nilikosea. Alisukuma kikombe pembeni, akasema, “Mjomba, mwandikie mama wewe mwenyewe, kabla sijapata nguvu ya kushika kalamu.”

Kesho nitarudisha mpini, nisimame mkutanoni. Nitasema kwamba sikuchemsha chupa kabla ya kuchota, na hilo ni kweli. La kuoshwa sitalitaja, wala kwa mkuu wangu, hata akinifukuza kazi, kwa sababu wakilijua watasema Nyamizi amemuua mkwewe. Yeye aliosha vyombo vya mgeni. Aliyejua ni mimi. Habari kamili iko katika barua hii peke yake. Ukimaliza kuisoma, ichome.

Nisalimie Shaaban na watoto wake, na majirani wanaonikumbuka. Usisafiri, Chiku atakuja likizo, nami nitamsindikiza mpaka mlangoni kwako, ukipenda niingie.

Ni mimi mdogo wako,
Zamoyoni