Malalamiko Yasijibiwe

3 Machi

Dada yangu mpenzi,

Hujambo? Shemeji na cherehani yako hawajambo? Mimi mzima, mikono inatetemeka kidogo tu, nimeambiwa itatulia.

Nimefika kwenye nyumba ya kuachia pombe. Usicheke: Mkuu wa hapa ni mwanafunzi wangu wa zamani pale chuo cha ualimu, yule aliyekuwa anakaa mbele na kunakili mpaka kikohozi changu. Ananiita Mwalimu mbele ya wagonjwa wote, na nyumba nzima anaiendesha kwa somo langu. Unalikumbuka, maana nilikuchosha nalo: yaliyo ndani ya mtu hakuna aliyewahi kuyaona, kinachoonekana ni tendo, na tendo likituzwa hurudi, lisipotuzwa hufa. Basi hapa ukitandika kitanda, ukitabasamu, ukiongea vizuri, unapanda ngazi. Ngazi ya kwanza ni chumba kisicho na dirisha. Ya pili ina dirisha na redio. Ya tatu ni wageni na ruhusa ya kutoka getini.

Nimeweka sahihi kwamba sitoki mpaka nifike ya tatu, hata nikiomba. Na wewe nakupa kazi. Mlevi hulalamika ili ahurumiwe, na akihurumiwa anarudi kwenye chupa. Nikikuandikia malalamiko, usijibu. Barua ikiwa ya furaha, jibu haraka, tena kwa kirefu. Hata nikikulilia, Dada. Niahidi.

Mdogo wako

11 Machi

Mdogo wangu Profesa,

Sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Shemeji yako anakusalimu, anasema hatimaye umepata darasa lisiloweza kukutoroka.

Nakuahidi, ingawa somo lenyewe haliniingii. Nilimuuliza shemeji yako: mtu akiniambia anaumwa kichwa, mimi nimeona nini? Akasema umeona mtu asiyetaka kuosha vyombo. Labda mlisoma shule moja. Lakini mimi nimekulea tangu mama alipofariki, na nilikuwa najua una homa kabla hujafungua mdomo. Hiyo mnaiitaje huko?

Haya, nitafuata. Ulipoteza kazi, ukapoteza mke, na mwaka jana nilikuokota mtaroni mbele ya duka langu, wateja wakiangalia. Safari hii nataka upone, basi.

Dada yako

2 Aprili

Dada,

Natumaini hamjambo. Mimi sijambo kidogo tu. Kuna maumivu chini ya mbavu, upande wa kulia. Yanaanza nikila na hayaondoki. Nilimwambia mlezi wa zamu, akageukia ukuta. Ndivyo walivyofundishwa, mgonjwa akilalamika unatazama pembeni mpaka abadilishe mazungumzo. Nilimwendea Mkuu mwenyewe. Uso wake ulinionea huruma, hilo nililiona, kisha akatazama dirishani akaanza kusifia maua ya bustani.

Najua nilivyokuambia. Hii siyo ile. Tafadhali wapigie simu wanipeleke hospitali.

Mdogo wako

20 Aprili

Dada,

Salamu kwenu. Hujanijibu. Unatimiza ahadi yako, na mimi nakukasirikia kwa hilo kuliko nilivyowahi kukukasirikia kwa lolote.

Nimekaa natafuta njia ya kukuonyesha kwamba haya ni maumivu na siyo hila, na sipati. Nikisema naumwa, hayo ni maneno. Nikilia, hayo ni machozi, na mlevi hakosi machozi. Kila kitu ninachoweza kukuonyesha kiko nje, na cha nje nimeshakukataza usikiamini. Kilichobaki kiko ndani, na cha ndani nimefundisha maisha yangu yote kwamba hakihesabiki. Naogopa, Dada. Nimejifungia mwenyewe, ufunguo nikakupa wewe, nikakuambia usifungue nikibisha.

Kwa ile barua nyingine nilishushwa kutoka ngazi ya pili hadi ya kwanza, kwa kuwa Mkuu huzisoma zote, zinazotoka na zinazoingia. Hii naye ataisoma. Mwanafunzi wangu, nimekosea kukufundisha. Naumwa. Usigeuke.

Mdogo wako

15 Mei

Dada yangu mpenzi,

Hujambo? Shemeji hajambo? Mimi mzima wa afya, buheri kabisa!

Nina dirisha sasa, na redio inayoshika vizuri. Asubuhi naimba, wenzangu wananiomba niache. Mkuu alinisifu mbele ya wote. Nimekonda kidogo, suruali zangu zinakungoja wewe na cherehani yako. Niandikie, tena kwa kirefu. Nimeikosa sana sauti yako.

Mdogo wako

21 Mei

Mdogo wangu mpenzi,

Sisi wazima. Nilipoisoma barua yako nilipiga kigelegele dukani, mteja akajichoma sindano.

Nisamehe ule ukimya. Zile barua zako nilizifukia chini ya vitambaa, shemeji yako akazikuta, akaacha kuongea nami. Nikamwambia mwenyewe kaagiza hivyo. Akasema mwenyewe ndiye anayelia humu. Nilikaa kwenye cherehani nikashona mkono wa gauni shingoni.

Sasa niambie, maumivu yameisha? Unasema umekonda. Kiasi gani?

Dada yako

3 Juni

Dada yangu mpenzi,

Hamjambo? Mimi sina neno. Maumivu gani tena? Hapa ni raha tupu. Wananitania kwamba macho yangu yamekuwa ya manjano, wamenipa jina la Jua, tunacheka sana. Chakula ni kizuri na nawagawia wenzangu changu, jambo ambalo limesifiwa.

Mdogo wako

9 Juni

Mdogo wangu,

Salamu. Mimi si mzima, nakuambia wazi.

Nimempigia Mkuu simu. Alinisikiliza kwa adabu, akasema Mwalimu hajalalamika tangu mwezi uliopita, malalamiko yamezimika kabisa. Nikamuuliza: na maumivu, yamezimika? Akajibu, "Mama, hilo halipimiki."

Ile ahadi naivunja leo. Sitaki barua ya furaha. Ninazisoma na sijui tena ni nani anayeniandikia, wewe au lile dirisha. Macho ya manjano siyo utani, na mtu anayegawa chakula chake kila siku siyo mkarimu, ni mgonjwa. Nimewaambia walezi, wakaniuliza kama mwenyewe analalamika.

Shemeji yako ameazima gari. Jumapili tunakuja, ngazi iwe ya tatu au ya pili. Nitakubonyeza hapo chini ya mbavu kwa mkono wangu. Ukiruka, naondoka nawe siku hiyohiyo hadi hospitali. Usiporuka, ndipo nitawaamini wao.

Dada yako

14 Juni

Dada yangu mpenzi,

Hujambo, na shemeji na safari? Mimi mzima kabisa.

Nina habari njema, nimepandishwa ngazi ya tatu, kwa hiyo mtaingia bila shida. Na ilivyokuwa ni hivi. Jana kulikuja walezi wapya kujifunza kazi, Mkuu akaniita mbele yao. Akawasomea barua yako, kisha akanibonyeza chini ya mbavu, upande wa kulia, kwa nguvu, akanitazama usoni. Nilitabasamu. Akarudia, nikatabasamu tena, nikamuuliza kama amelala salama. Walezi wote wakapiga makofi.

Njoo basi Jumapili, ubonyeze unapotaka. Utafurahi mwenyewe.

Mdogo wako