Harufu ya Mchana

Kwako dada,

Natumaini u mzima, na watoto wote wazima, na yule wa mwisho meno yake yametoka bila kukukeshesha. Mimi mwili hauna neno, ila nimeshikwa na kinyaa na chakula hakipiti. Usije ukadhani ni mimba. Ningekupigia simu, lakini haya ya leo ungenikatia katikati, na barua haikatiki.

Kuna jambo nilikuficha. Tangu mwanzo wa mwaka ofisi ilitutaka tufanyie kazi nyumbani. Nilinyamaza kwa sababu mtu akishajulikana anashinda nyumbani, ukoo mzima humtuma. Kazi ni ile ile ya kuwasikiliza wateja wa bima kwenye simu, ila sasa nafokewa nikiwa pekupeku, meza imeegemea dirisha la nyuma. Bosi alituhutubia kwenye kompyuta kwamba tunaokoa mazingira: magari yamepungua barabarani, moshi umepungua, taa na viyoyozi vya ofisi vimezimwa, vikombe vya plastiki havitupwi tena. Aliyasema hayo akiwa ameketi ndani ya gari lake, injini inanguruma, kisa anataka kupigwa na ubaridi. Alinichefua. Lakini haki yake nimpe, aliyoyasema ni kweli. Siku hizi nguo nyeupe nikizianika nazianua nyeupe.

Faida moja hakuitaja, kwamba ukibaki nyumbani unauona mtaa wako mchana.

Unaukumbuka ule mfereji wa nyuma ya nyumba, ulivyonuka mlipokuja kunitembelea ukala huku umeziba pua? Mtaa mzima tulimtupia lawama jirani yangu anayefuga bata, tunayemwita Mama Bata. Tunarudi jioni, tunakuta uvundo, tunaona bata, kesi imekwisha. Mwenyewe hushinda sokoni akiuza mayai, na kila jioni aliapa kwamba bata wake hawawezi kunuka hivyo, sisi tukicheka. Mwenye nyumba akampa notisi ahame mwisho wa mwezi huu, yeye na wanawe.

Kumbe wachafuzi nao wana saa zao za kazi. Mchana mmoja, mteja yuko sikioni ananieleza alivyogonga lango lake mwenyewe, nikaona gari la kunyonya vyoo likirudi nyuma taratibu hadi ukingoni mwa mfereji. Dereva alishuka na barakoa na kofia, akatandaza mpira, akafungua koki. Vyoo vya watu, dada, vikamwagika pale pale watoto wanapochezea. Nilimwomba mteja radhi nikakimbilia chooni kutapika. Yule mtu akarudi siku nyingine, na nyingine tena, kila mara wakati mtaa hauna mtu. Namba ya gari ameipaka tope. Nikampiga picha, na nakwambia ukweli, nilikuwa na hamu kubwa ya kumwona akiaibika.

Magari yale yanafanana yote, kwa hiyo sikushtuka mpaka nilipozikuza picha. Mpira ulikuwa umepasuka, ukafungwa kitambaa. Kitambaa chenyewe nakijua. Ni lile shuka la maua ya zambarau nililokupa siku ya harusi yako, lenye pindo nililolishona kwa mkono wangu. Dada, gari ni la shemeji, na aliye nyuma ya barakoa ni shemeji.

Nilimpigia nikidhani atakana, au ataomba msamaha. Badala yake akaniuliza, "Kwani siku hizi huendi kazini?" Hilo tu ndilo lililomsikitisha. Baadaye akanieleza kwamba mabwawa ya maji taka yako mbali, foleni ni ndefu, na yeye anapenda kuwahi nyumbani kwa watoto. Nikakukumbuka unavyomsifu, kwamba madereva wenzake huingia usiku, yeye jua halijazama ameshaoga na mtoto yuko begani. Nilikata simu nikanawa mikono, kana kwamba nilimshika.

Huku nyuma bosi ametutangazia kwamba Jumatatu turudi ofisini, eti jengo tupu linatia aibu mbele ya wageni. Hotuba ya mazingira imeisha hivyo. Mtaa utabaki tena bila macho, na Mama Bata alikuwa ameshaanza kufunga vyombo kwenye maboksi. Sikuweza kungoja. Jana nilimpelekea mwenye nyumba picha zote, na nyingine nikampa bwana afya, nikawaambia wazi dereva ni nani kwangu. Mama Bata anabaki. Pengine barua hii itakufikia gari likiwa limeshakamatwa. Nimelia kwa ajili yako na watoto. Kwa ajili yake sijapata hata chozi moja.

Nisalimie watoto, uwaambie mama mdogo anawapenda. Kununa unayo haki, nuna hata mwaka mzima, ila njoo kwanza ukae kwenye kiti changu mchana, dirisha likiwa wazi. Na lile shuka, kama kipande kilichobaki bado unawatandikia watoto, kitoe.

Ni mimi mdogo wako,
Kidomodomo